Mungu wa Mvinyo na Kwaya ya Mama Nabintu

Kiswahili cha Kananu kilikuwa kimevaa suti na tai. Msichana wa Meru, alipata A ya Kiswahili kidato cha nne, na ole wako usahau. Huyu ni mtu wa kusema "la hasha" akiwa anaosha sufuria. Ukimwambia "nimeshiba" anakuuliza kama umeshiba au umekinai, maana hayo ni mambo mawili tofauti. Unamjua mtu wa aina hiyo. Kila grupu la WhatsApp lina mmoja.

Alikuja Louisville, Amerika, kusomea unesi, akapanga chumba kwa Mama Nabintu, mtaa wa Iroquois, karibu na ile bustani kubwa. Mama Nabintu alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Siku za kazi alipakia viatu kwenye maboksi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na Jumapili aliongoza kwaya ya akina mama kanisani. Kiingereza chake kilikuwa cha "yes", "no" na "thank you my friend". Kwa hiyo Kananu hakumaliza hata mwezi mmoja kabla hajawa mkalimani wa kanisa zima. Barua ya shule? Muite Kananu. Mtu wa umeme kwenye simu? Kananu. Daktari anataka kujua maumivu yako wapi hasa, na wewe ni mzee wa heshima na maumivu yako mahali pasipotajwa? Pole yake Kananu.

"Huyu njo kinywa yangu," Mama Nabintu alipenda kuwaambia watu, mkono begani kwa Kananu. "Mie sijue Kingereza, lakini niko na kinywa mbili."

Na Kananu alitabasamu, ingawa ndani kwa ndani sarufi ilikuwa inamwasha, hasa ile "njo" badala ya "ndiyo".

Mambo yalianza kiangazi cha 2015, sherehe ya wakimbizi pale bustanini. Kwaya iliimba, na mwishoni Mama Nyirangabo, mama mnene mwenye kifua kama spika ya harusi, akapiga vigelegele vyake. Mbwa wakasimama. Mtoto akaacha kulia. Na mwalimu wa maigizo wa chuo cha Kananu, Gretchen, akaangusha aiskrimu yake kwenye majani na hakuitazama tena.

"Sauti hiyo!" akamwambia Kananu kwa Kiingereza, akimshika mkono. "Nimeitafuta mwaka mzima!"

Gretchen alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe kuhusu Ugiriki ya kale. Kulikuwa na mungu wa mvinyo, akaeleza, na mungu huyo alifuatwa na wanawake. Waliacha vitambaa walivyokuwa wakifuma, wakaacha na waume, wakapanda mlimani miguu mitupu, nywele zimeachiliwa, ngozi za wanyama mabegani, fimbo zilizozungushiwa majani mkononi. Wakapiga ngoma, wakanywa, wakacheza mpaka wakasahau majina yao. Na walipomkaribisha mungu wao walipiga ukelele wa ulimi, hivi hivi kama wa yule mama.

"Niletee hiyo kwaya," Gretchen akasema, "na wewe utakuwa kiongozi wao jukwaani. Utaongea kuliko mtu mwingine yeyote."

Sasa, ili umwelewe Kananu, ujue kwamba alikuwa kwenye klabu ya maigizo miaka miwili, na nafasi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kufungua mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa kadibodi. Mama yake kule Meru aliposikia binti anaigiza aliwaita majirani waangalie video, wakaona mkono wa Kananu.

Jioni ile ile akawakuta akina mama kwenye mazoezi, akasimama mbele yao, akakohoa kidogo, akatafsiri kwa Kiswahili chake chenye tai:

"Mnaalikwa muwe kwaya ya wanawake wa Ugiriki wanaomwabudu mungu wa mvinyo."

Akina mama wakatazamana.

"Mvinyo njo wapi?" akauliza Mama Nyirangabo.

Kananu hakuelewa swali. Lakini Mama Nabintu alilielewa vizuri kabisa, na akalijibu kabla mtu hajapumua, akimtazama Kananu.

"Si amesema iko Ugiriki? Kama vile tunasemaka Mungu wa Israeli. Sasa uyu njo Mungu wa Mvinyo. Paulo alipitaka kule kote na miguu."

"Aaa!" wakasema akina mama wote. "Mungu wa Mvinyo!"

Hapo ndipo Kananu alipogundua. Kwao, kile kitu kiliitwa divai. Hawakuwahi kusema mvinyo maishani mwao. Walidhani ni mji.

Na neno la kurekebisha alikuwa nalo. Divai. Silabi tatu tu. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake, limevaa viatu, linasubiri mlango ufunguliwe, na kufungua mlango si ndiyo kazi aliyoizoea? Lakini akauona mwanga wa jukwaa. Akawaona majirani wa Meru wakiona uso wake mzima.

"Ndiyo," akasema. "Ni Ugiriki."

Mazoezi yakawa matamu, na hilo ndilo lililomtesa. Laiti akina mama wangechukia, angepata nafuu. Walipewa ngozi za bandia wavae mabegani. Kananu akajua sasa wameshtuka.

"Yohana Mubatizaji alivaaka ngozi," akasema Mama Nabintu, akijiangalia kwenye kioo.

Wakapewa fimbo zenye majani. Siku ya Mitende hiyo, wakasema. Wakaletewa mitungi ya udongo, mikubwa, na mhudumu wa jukwaa akaimiminia maji mekundu.

"Divai!" akasema Mama Nyirangabo, na Kananu akautazama mlango wa kutokea. "Bon. Iyi njo arusi ya Kana."

Hakuna kitu ungewapa wale akina mama wasikipatie mstari kwenye Biblia. Gretchen hakuwa na habari yoyote. Aliwaambia waimbe kwa lugha yao, maneno yao wenyewe, wimbo wa kumpokea mungu anayekuja, na wakatunga papo hapo: anakuja, anakuja, fungueni. Gretchen akalia machozi. Kila aliyesikiliza alilia kwa sababu yake mwenyewe.

Na Mama Nabintu akicheza! Yule mama wa mgongo unaouma, ambaye nyumbani alishuka ngazi upande upande kama kaa. Siku ya kwanza alivua viatu kwa aibu, akificha soksi. Baada ya wiki mbili alikuwa anazunguka, kichwa nyuma, kilemba kimeanguka na hajali. Akarudi benchi anahema, anacheka, akamwegemea Kananu.

"Binti yangu, tangu Bukavu sijacheza hivi. Asante kwa kunileta."

"Usijali, mama," akasema Kananu, akaenda chooni, akakaa humo muda mrefu kuliko haja yake.

Halafu ikaja Jumapili. Mama Nabintu alipewa sala ya kufungua ibada. Akainua mikono.

"Ee Mungu wa Abrahamu! Mungu wa Isaka! Mungu wa Yakobo!" Akavuta pumzi. "Na Mungu wa Mvinyo!"

"Amina!" likaitika kanisa.

Mchungaji alifumbua jicho moja. Pengine naye alidhani ni mji, au alidhani amesikia vibaya, maana alilifumba tena. Kananu alikuwa safu ya tatu. Alitaka sakafu ifunguke, na sakafu ilikuwa ya zulia jipya, haikufunguka. Angeweza kumshika Mama Nabintu pale nje, kwenye maegesho, amwambie. Alikwenda mpaka kwenye gari. Mama Nabintu akamkabidhi sufuria ya wali ashike isimwagike njiani, na Kananu akaishika vizuri sana.

Mchezo ulionyeshwa Louisville, watu wakasimama kupiga makofi. Ukaalikwa kwenye tamasha mjini Columbus. Paluku, mdogo wake Mama Nabintu, akaendesha van, akina mama wakaimba njia nzima, na Kananu akakaa kiti cha nyuma kabisa akijifanya anakariri mistari aliyokuwa ameshaikariri.

Columbus ilikuwa kali kuliko Louisville. Kananu aliongea jukwaani sauti ikafika mpaka viti vya mwisho. Mama Nyirangabo alipopiga vigelegele, watu mle ndani walishika vifua. Mwisho wa onyesho, akina mama wakiwa bado na majani kichwani, akaja Mkenya mmoja wa pale Columbus, Mutuku, mfanyakazi wa bima, shati limechomekwa, simu juu inarekodi.

"Wamama! Shikamooni! Mmewakilisha!" akasema. "Mimi sijawahi kuona watu wamechezea mungu wa pombe vizuri namna hiyo!"

Mama Nabintu alikuwa anacheka. Kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe.

"Mungu wa nini?"

"Wa pombe, mama. Si ndiyo mchezo wenyewe? Mungu wa mvinyo."

"Mvinyo ni muji," akasema Mama Nyirangabo.

"Mji?" Mutuku akacheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mdomo mwepesi. "Haki wamama mna vituko! Mvinyo! Waini! Divai! Kile kitu cha kulewa! Hao mlioigiza ni wanawake walevi wa zamani, wanamwabudu mungu wao wa ulevi. Kwani hamkuambiwa?"

Simu bado ilikuwa juu.

Mama Nabintu akageuka taratibu, akamtafuta Kananu mpaka akamwona.

"Kinywa yangu. Uyu anasema nini?"

Na Kananu, mwenye A, mwenye "la hasha", Kananu aliyetoka kutikisa ukumbi mzima, akasema, "Mambo ya tafsiri, mama... yana utata."

Mama Nyirangabo akakaa chini pale pale kwenye korido. Akaanza kutoa majani kwenye nywele zake, moja moja.

"Vigelegele yangu," akasema. "Nilipigiaka bibi-arusi. Nilipigiaka batoto bakizaliwa. Mie ata bière sijaonjaka. Sasa nimepigia pombe."

Hakuna aliyeimba kurudi Louisville.

Video ya Mutuku ilifika nyumbani kabla yao. Unajua watu wetu kwenye Facebook. "Kwaya ya Kreti Moja." "Wamama wa Mvinyo, albamu mpya inakuja." Mtu akachukua picha ya Mama Nyirangabo, mdomo wazi, akaandika chini: "Ukisikia baa imefunguliwa." Kananu alizisoma zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejikuna kidonda. Nyingine zilikuwa zinachekesha kweli, na mara moja alicheka kwa sauti. Halafu akasikia Mama Nabintu akikohoa chumba cha pili, akaizima simu, akaiweka chini ya mto kana kwamba simu ndiyo iliyokosa.

Nyumbani hakugombezwa. Mama Nabintu hakuuliza chochote. Alimpakulia chakula kama kawaida, akamwekea mfuniko. Kananu angelipa kodi mara mbili agombezwe.

Shida kubwa ilikuwa Buffalo, mji wa kaskazini. Mwezi wa nane kulikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa yao yote, na mwaka ule ulifanyikia Lackawanna, pale kusini mwa mji, kanisa la matofali lililokuwa la watu wa kiwanda cha chuma. Kwaya ya Louisville ndiyo ilipewa kufungua. Mama Nabintu aliisubiri siku hiyo tangu alipofika Amerika. Sasa mwenyekiti wa mkutano, Mama Mukashyaka, akapiga simu: mje, lakini kabla ya kuimba mtaeleza. Kama Nabintu alijua anamchezea nani, hataongoza kwaya tena, hapo wala kwao.

Kananu akapanda van bila kualikwa na bila kukatazwa. Ile ilikuwa safari ndefu.

Wakakutana asubuhi, chumba cha chini cha kanisa, viti vya plastiki, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, kutoka jikoni. Mama Mukashyaka, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, hakuzunguka.

"Nabintu, dada yangu. Ulijua?"

"Sikujua."

"Donc, basi, nani alikueleza?"

Mama Nabintu hakumtaja mtu. Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena. Macho ya chumba yakamwendea Kananu yenyewe, maana kila mtu alijua nani kinywa cha nani.

Kananu akasimama. Alikuwa amejiandaa. Akatoa simu, akafungua kamusi, akaisoma kwa sauti.

"Mvinyo: kinywaji kitokanacho na zabibu, divai. Mimi nilisema 'mungu wa mvinyo'. Ni Kiswahili sanifu. Sikudanganya. Ila kina mama wa Kongo hawalitumii neno hilo, basi wakadhani ni jina la mji."

Na ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli, ungeweza kulipeleka mahakamani. Mama Mukashyaka akavua miwani, akacheka kwa kupumua.

"Ah! Bon! Kumbe ni Kiswahili tu!" Chumba kizima kikacheka, mzigo ukashuka. "Walidhani ni muji! Eeh Nabintu!" Akajifuta macho. "Donc haina zambi. Ni kutojua tu. Lakini mwenye kuongoza bengine anapashwa kuuliza kwanza, mbele ya kucheza, kweli ao hapana? Nabintu apumzike kidogo. Tutatafuta mama mwingine, mwenye alisoma."

Ilisemwa kwa upole, watu wakitabasamu. Hakuna mtu aliyekuwa na hasira. Mama Nabintu naye akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, kama vile anavyoitikia msimamizi wake ghalani anapoambiwa jambo kwa Kiingereza.

Kananu alilijua tabasamu lile. Alikuwa amelitafsiri mara nyingi.

Alikuwa bado amesimama na simu mkononi. Angeweza kukaa. Kiti kilikuwa pale.

"Aliuliza," akasema.

"Nani?"

"Waliuliza. Mama Nyirangabo aliuliza mvinyo ni wapi. Mama Nabintu akasema ni mji, akanitazama. Nikaona hawajaelewa." Sauti iliyofika viti vya mwisho Columbus sasa haikufika hata jikoni. "Neno divai nililijua. Sikulisema. Nilitaka kuigiza. Akasali kanisani, 'Mungu wa Mvinyo', na mimi nimekaa pale. Nikasema amina."

Jikoni mtu alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria. Akaacha.

"Ulisema amina," akarudia Mama Mukashyaka.

"Ndiyo, mama."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mama Mukashyaka alivaa miwani yake, akamgeukia Mama Nabintu na kumwambia kwamba saa ya kuimba inakaribia, apange watu wake. Basi. Mama Nabintu akainuka, akapita mbele ya Kananu, kitenge kikamgusa goti. Wakaimba, wakaimba vizuri, Mama Nabintu mbele. Kananu alisikia kutoka ngazi za chini, ambako alijipa kazi ya kumenya viazi bila kuombwa.

Kesho yake wakaanza safari ya kurudi. Akina mama waliongea, hata walicheka, lakini mazungumzo yalipofika kiti cha nyuma yalikunja kona. Mahali fulani Ohio, kando ya barabara kuu, Paluku akaegesha kwenye mkahawa mmoja wa baga, na wote wakashuka na njaa. Kwa mazoea Kananu akatangulia kaunta. Siku zote ndiye aliyeagiza. Alimjua kila mmoja: huyu bila jibini, huyu viazi vingi.

Mkono ukamshika bega, ukamsogeza pembeni. Haukumsukuma.

"Nitasema mie mwenyewe," akasema Mama Nabintu.

Akasimama mbele ya kijana wa kaunta, mkoba kifuani, akashusha pumzi kama mtu anayeingia maji baridi.

"My friend. Chicken. For all. And *frites*."

"Fruit?" akauliza kijana.

"Yes. *Frites*. Big, big."

Kananu akaliona kosa likija. Mama anataka viazi vya kukaanga, kijana amesikia matunda. Lilikuwa jambo la neno moja tu, na mara hii alikuwa na nia njema kabisa. Akafungua mdomo.

"Mama, hajakuelewa, amesikia..."

Mama Nabintu aliinua kiganja bila kugeuka.

"Thank you," akamwambia kijana. "Yes."

Zikaja trei. Kuku, na kando yake vikombe vya plastiki: tikiti, tufaha, zabibu, vimekatwa vizuri, baridi kama barafu. Akina mama wakavitazama. Mama Nyirangabo akakichungulia chake, akamtazama Mama Nabintu, akatazama tena kikombe. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Kananu.

Mama Nabintu akachoma kipande cha tikiti kwa uma, akakitafuna mpaka kikaisha.

"Ni tamu," akasema.

"Iko tamu," wakasema akina mama, wakaanza kula.

Kananu alikuwa meza ya pili, peke yake na Paluku. Akachukua zabibu, akaitia mdomoni, na baada ya muda akasema kwamba kweli ni tamu. Paluku akamsogezea chumvi.

Mezani kwa akina mama, Mama Nyirangabo alikuwa ameshaanza kumuuliza Mama Nabintu Kiingereza cha kuku kinaandikwaje, na Mama Nabintu, mdomo umejaa, alikuwa anakichora kwa kidole juu ya meza, herufi ya kwanza, ya pili, akikosea, akifuta, akianza upya.